Filamu Iliyomwoza Dada

Egidi alishuka Kabanga jioni, amechoka na basi la Mwanza, kompyuta yake ameikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Ni mtoto wa pekee wa dada yangu Gaudensia, na kazi yake huko Mwanza ni kuchukua kanda za zamani za harusi na ubatizo, zile zilizokwisha kuota ukungu kwenye makabati ya watu, na kuzihamishia kwenye flashi. Mama yake alikuwa amelala chumba cha ndani. Saratani ilikuwa imekwisha kumla tumbo, na daktari alikuwa ametuambia kwa upole tumrudishe nyumbani apumzike, maneno ambayo hakuna asiyejua maana yake. Kijana alimwamkia mama, akamshika mkono, akaja jikoni nilikokuwa nakaanga dagaa, uso umemng'aa. "Shikamoo mama mdogo. Nimeipata ile filamu ya Lusahunga. Wameisafisha upya, picha moja moja. Rangi zote zimerudi." Nikageuza dagaa wangu. "Marahaba. Rangi zipi? Filamu ile haikuwa na rangi." Akacheka, akidhani namtania.

Kesho yake, nikimenya ndizi za mchana, alinionyesha picha mbili kwenye kompyuta, zimewekwa ubavu kwa ubavu. Alikuwa na nakala mbili za filamu ile ile ya Kihindi. Katika ile ya zamani kidogo, mwanamke aliyekaa mbele ya moto alivaa nguo nyekundu iliyokolea, inayokaribia damu ya mzee. Katika hii mpya iliyosafishwa, nguo ilikuwa inawaka karibu na chungwa, na nyuso za watu zilikuwa za manjano kama wamepakwa binzari. Egidi alinieleza kwamba huko kwenye mtandao wapenzi wa filamu za zamani wanarushiana maneno makali. Wako wanaosema mafundi wameharibu, nyeupe imegeuka samawati. Wako wanaosema hivyo ndivyo ilivyoonekana kwenye ukumbi siku ya kwanza. Aliyeipiga picha alikwisha kufa, wa kumwuliza hayupo. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. "Wewe unaonaje, mama mdogo? Wewe uliiona enzi hizo." Nikamwambia zote mbili ni uongo, na kwamba mgonjwa hasumbuliwi na mambo ya filamu. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Sikutaka Gaudensia aione. Filamu ile ndiyo iliyomwoza dada yangu, na nadhani nilikuwa nimebaki mtu mmoja duniani aliyejua kwamba ilimwoza kwa uongo.

Nikiukumbuka mwaka ule naanza na chumba. Kilikuwa cha matofali ya udongo, nyuma ya nyumba ya wageni pale Lusahunga, kitanda kimoja, ukutani tumebandika maboksi ya biskuti kuzuia vumbi, na ngurumo za malori zikipita kichwani mwetu kutwa nzima. Ulikuwa mwaka wa malori mengi, ya chakula cha wakimbizi wa Lukole na mengine ya kuvuka mpaka wa Rusumo, na kila dereva alisimama pale kula. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Dada alikuwa ametoka kumzika mume wake, Fidelisi, upande wa Rulenge, na wakwe walikuwa wamekaa kikao wakaamua arithiwe na shemeji yake, mtu mwenye mke tayari na watoto wanaokaribia kuoa. Dada hakusema ndiyo wala hapana, maana alikuwa ameacha kusema kabisa. Siku moja alifunga nguo zake, akanishika mkono, tukapanda lori. Hapo Lusahunga tukafungua banda la chakula. Yeye alipika, mimi nikawa msemaji wa watu wawili. Wali, maharage, mbuzi, ugali wa muhogo, na ndizi kwa wateja Wahaya ambao hawakuona kingine kuwa chakula. "Huyu dada yako ni bubu?" madereva waliuliza. "Si bubu, anahifadhi," niliwajibu. Lakini chakula alichowapikia wenzake yeye hakukila. Alionja chumvi kwa ncha ya ulimi, akafuta mikono, basi. Niliona mifupa ya mabega yake ikichomoza wiki baada ya wiki nikaogopa sana, kwa sababu nilikuwa sijawahi kusikia kwamba mtu mzima anaweza kulazimishwa kula.

Jirani yetu alikuwa Mzee Maige, Msukuma wa Shinyanga aliyefika na ng'ombe, akauza baadhi, akanunua televisheni, deki na jenereta, akajenga banda la video kwa mabanzi. Alionyesha picha alasiri, jua likiwa kali na madereva wakingoja vibali vyao. Kanda zake zote zilikuwa na rangi isipokuwa moja ya Kihindi aliyoachiwa na mpita njia. Hiyo ilitoka nyeusi na nyeupe tu, mkanda ukiwa mzima na sauti ikiwa safi. Egidi amenieleza juzi kwamba ilirekodiwa kwa mfumo wa nchi nyingine na televisheni yetu haikuuelewa. Siku ile watazamaji walipiga kelele tu. "Mzee, turudishie rangi!" Maige akasimama mlangoni, fimbo mkononi. "Langi niitoe wapi? Televisheni yangu nzima hii. Kanda ndiyo haina langi. Asiyetaka atoke." Hakuna aliyetoka, maana mfasiri alikuwa Severini, na Severini akianza kusema hata mwenye njaa hatoki.

Severini alikuwa Mhangaza wa hapa hapa Kabanga, aliyeacha seminari bila kufukuzwa na bila kueleza sababu. Alikaa juu ya kreti la soda kando ya televisheni, akawa anawasemea wachezaji wote, wanaume kwa wanawake. Kihindi hakujua hata neno moja. Alichoona ndicho alichofasiri, na alichoona ndicho tulichoona sote. Nilimshawishi dada aje alasiri moja ya Jumapili, tukakaa benchi la nyuma. Kwenye televisheni pakatokea uwanja wa nyumba, moto umewashwa katikati, watu wameuzunguka. Mwanamke kijana, nguo nyeusi kutoka kichwani hadi miguuni, analia hajiwezi, wanawake wamemshika huku na huku. "Tulieni jamani," akasema Severini. "Amefiwa huyu. Mnaona moto wa matanga ule? Mnaona nyeusi ile?" Nani angebisha? Kwetu moto wa uwanjani, nguo ya giza na mwanamke anayeshikwa mikono havina tafsiri nyingine. Kisha mwanamke akazungushwa kwenye moto nyuma ya mwanamume aliyefunikwa uso kwa maua. Severini akakohoa. "Sasa huyo ni shemeji yake. Wanamrithisha."

Banda zima liliguna. Nilihisi mkono wa dada ukinikamata paja kwa nguvu hadi kucha zikaingia. Filamu ikaendelea. Yule shemeji naye akafa ("Mungu amemwondoa," alisema Severini, na wanawake wakaitikia amina), kisha mwanamke akapiga mikono yake ukutani, akavunja bangili zote alizovishwa, vipande vikaruka. "Hataki mali ya shemeji. Havai kitu alichonunuliwa na mtu asiyempenda." Na baada ya hapo akatokea amevaa nyeupe tupu, uso mtulivu, anatembea polepole. Severini alishusha sauti kama yuko kanisani. "Mtazameni sasa, jamani. Anaolewa. Kwa hiari yake." Tuliporudi chumbani dada alikaa kitandani akavua viatu. "Pelagia," akasema, na sauti ilikuwa imekwaruza kwa kukaa bila kazi. "Zile bangili alizivunja zote?" Nikasema zote. Akaomba sahani. Nilimpakulia maharage yaliyobaki na ugali baridi, nikaenda nje nikalia nyuma ya choo asinione.

Kanda ile ilionyeshwa mara nyingi mwaka ule, kwa kuombwa, na ugomvi wa rangi ulianza pale pale. Watu walikula kwetu huku wanabishana. Mama wa maandazi alisema nguo ya msiba ni kaniki, anaijua. Fundi magurudumu akasema ni kijani ya jeshi, televisheni tu inaficha. Wakafika mahali pa kuinuka vitini. Mara sauti ikatoka jikoni: "Ni nyeusi. Mfiwa gani avae kijani?" Watu wakageuka wote. Ndiyo mara yao ya kwanza kumsikia dada yangu. Severini, aliyekuwa na tonge mkononi, alilisahau hewani. Tangu siku hiyo akawa mteja asiyekosa. Alikuwa mlaji mbaya, mwenye kelele, wali ukimwagika hadi kwenye kola, na dada alimtania kwamba seminari ilimfukuza kwa ajili ya ulaji. Severini naye alimsimulia ile filamu upya juu ya sahani, akiongeza hiki na kile, na dada akimsahihisha. Walikuwa wanachumbiana kwa maneno ya watu wengine, mimi nikiosha vyombo karibu nikijifanya sisikii.

Alasiri moja nilikwenda kwa Maige kudai sufuria yetu. Kanda ilikuwa imekwisha, watu wanatawanyika. Nyuma ya mabanzi nikasikia sauti ya Athumani, dereva wa Tanga, mtu mpole aliyetuletea nazi. "Seve, unawalisha watu matango pori. Ile ni harusi, bwana. Kwao bibi harusi huvaa nyekundu, na ule moto ndio ndoa yenyewe. Analia kwa kuwa anaaga kwao. Yule si shemeji, ni mume wake. Na bangili huvunjwa mume akifa." "Na ile nyeupe?" aliuliza Severini. "Nyeupe ni ya mjane. Akishaivaa ndiyo basi. Nimekulia nyuma ya duka la Wahindi, sibahatishi." Nilisimama na kiganja kwenye ubanzi. Nilimsikia Severini akivuta pumzi, na alipoongea hakuwa na ile sauti ya kreti la soda. "Kaka, nakuomba. Usimwambie mtu. Kuna mmoja humu ndani ameanza kula." Athumani akauliza, na wengine je? "Wengine watakula tu," akasema Severini.

Sikumwambia dada. Wala Severini hakujua kwamba nilisikia, na filamu ikaendelea kuonyeshwa kwa maneno yale yale. Mwisho wa mwaka wakatangaza ndoa. Dada akasema atavaa gauni jeupe na shela, na hapo ndipo ikawa kasheshe. Wanakwaya walinong'ona kwamba shela ni ya mwali. Wakwe wa Rulenge wakaja wenyewe, mama mkwe mbele, wakakaa kwenye benchi letu bila kukubali hata maji. "Mjane havai nyeupe," alisema yule mama, tena kwa Kihangaza, ili iume. Dada alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mimi nimemwona aliyevaa," akasema. "Kwa macho yangu." Mama mkwe akauliza wapi, nani, wa ukoo gani. Dada akasema, "Ni mama mmoja wa mbali, mambo yake yalikuwa kama yangu." Mimi nilikuwa nimekaa pembeni namenya chungwa. Leo nikisikia vijana wakiongea juu ya ujasiri huwa namfikiria Gaudensia na ungo wake, akiwashinda wazee wa ukoo kwa ushahidi wa mwanamke wa Kihindi ambaye hakuwahi kushinda chochote.

Aliolewa kwa nyeupe. Alipendeza mno, nasema bila kuongeza chumvi. Wakahamia Kabanga, Egidi akazaliwa, na kabla mtoto hajasimama dede, lori alilopanda Severini liliacha barabara kwenye mteremko wa Rusumo. Dada alilia kama watu wanavyolia, akala kama watu wanavyokula, akafungua meza ya vitenge karibu na mpaka, akamlea mwanawe. Hakunyamaza tena. Walipokuja watu wa kumrithisha mara ya pili aliwakaribisha chai, akawaambia yeye alikwisha kuolewa kwa hiari na hiyo inatosha. Nilijua alikotoa maneno hayo.

Sasa Egidi alimwekea mama yake mito mitatu mgongoni, akaunganisha kompyuta na televisheni. Nilijaribu tena. Nikasema amechoka. Dada akasema, "Niache Pelagia, nimengoja filamu hii miaka mingi." Alikuwa ametuomba tumchane nywele. Egidi alikuwa hajaitazama mwanzo hadi mwisho. Alikuwa ametazama rangi tu, kama fundi anayekagua mshono bila kujali nani atavaa nguo. Kwa hiyo maneno ya Kiingereza yalipopita chini ya picha, akawa anamsomea mama yake kwa Kiswahili bila kujua yanaelekea wapi, na sauti ilikuwa ya Severini mtupu. Ukaja uwanja, ukaja moto. Ile nguo ikawaka. "Mbona nyekundu?" aliuliza dada. "Ndiyo rangi yenyewe, mama. Ni bibi harusi." Dada akanitazama. Nikatazama dirishani. Zikaja bangili, na Egidi akasoma: "Mume wako amekufa, binti yangu." Ikaja nyeupe, ile nyeupe yenye samawati wanayoigombania, na Egidi akasoma kwamba tangu leo hutavaa rangi tena, hutacheka tena, wewe ni mjane. Nadhani hapo ndipo kijana alipohisi kitu, maana sauti ilipungua. Alisema anakwenda kuchota maji.

Tulibaki wawili. Dada alikuwa ameweka mikono juu ya shuka, vidole vimebaki mifupa. "Pelagia. Severini alijua?" Nimelifikiria swali hilo kila siku tangu hapo. Nikisema alijua, basi mwanamume aliyempenda kuliko wote alimpata kwa kumdanganya, hata kama ni uongo wa huruma. Nikisema hakujua, basi dada aliushinda ukoo mzima, akavaa gauni, akazaa mtoto, kwa sababu ya kosa la mtu mmoja juu ya kreti. Kweli ilikuwa nzuri, ilikuwa nzuri mno, lakini ilihitaji muda na pumzi kuieleza, na yeye pumzi hakuwa nazo. Nikashika lililokuwa karibu. "Rangi wamezikosea, dada. Egidi mwenyewe anasema huko wanagombana, hakuna mwenye hakika. Waliosafisha wameharibu." Alinitazama usoni. Hakuna aliyewahi kunijua kama yule mwanamke. "Basi mwambie mwanangu awaandikie," akasema, "warekebishe." Akageukia ukutani. Uji wa jioni hakuugusa, wala wa asubuhi iliyofuata, na Egidi akimbembeleza na kijiko mimi sikuwa na filamu ya kumwonyesha. Tulimzika kabla ya Jumapili.

Watu wa msiba walipotawanyika nilimkuta Egidi mle chumbani, kitanda kimetolewa godoro, televisheni bado ipo. "Nilimletea nini mimi, mama mdogo?" Macho yamemvimba. Nikakaa juu ya fremu ya kitanda nikamwambia yote: benchi la nyuma, shemeji mwenye maua, Athumani, na yale maneno nyuma ya mabanzi. Baba yake hakumwachia picha zaidi ya moja ya kitambulisho, wala hakuna kanda yenye sauti yake. Kazi ya kijana huyu ni kuwarudishia watu sauti za wazazi wao, na wake hana. Nilipomaliza aliwasha filamu, akapunguza rangi mpaka zikaisha zote, akazima na sauti. "Niambie kama baba alivyosema," akasema.

Nikaanza vibaya, kwa aibu, nikazoea. Tulieni jamani, amefiwa huyu. Nilimpa moto wa matanga, nikampa shemeji, nikampa na kikohozi cha Severini. Kwenye bangili kijana alicheka huku machozi yanamtoka. Nyeupe ilipotokea nikashusha sauti, nikasema anaolewa, kwa hiari yake. Yule mwanamke akatembea peke yake hadi mtoni, akaingia darajani, na Egidi akaisogelea televisheni akitafuta. "Sasa bwana harusi yuko wapi?" Kila mgeni aliyeingia banda la Maige aliuliza hivyo hivyo, na baba yake hakuwahi kukosa jibu. "Yuko ng'ambo," nikamwambia. "Alitangulia, anamngoja."